Kijiko Nyuma ya Pazia

Kamituga, tarehe 21 Januari 2024

Maman,

Nawasalimia kwa heshima yote. Natumaini barua hii itawakuta muko muzima, na ile baridi ya ziwa haisumbui sana magoti. Miye niko. Kazi iko. Mashine za kusaga mawe zinaharibika kila juma, na kila juma wananiita kuzitengeneza, kwa hiyo Mungu hajanisahau.

Munisamehe kama ninaandika badala ya kupiga simu. Mara ya mwisho tulisema "allô" sisi wawili, kisha tukanyamaza mpaka unité zikakwisha. Mukwe na mama mukwe wataongea nini kwa simu? Tangu muke wangu Lucie atuache mwezi wa munane, hakuna tena mutu wa kukaa katikati yetu na kugeuza maneno. Basi Guylain, shofere wa camion inayopanda na kushuka Bukavu, amekubali kubeba barua.

Niko na swali. Si yangu. Kuna rafiki yangu mumoja hapa, tumbo inamusumbua tangu mwezi wa kumi. Siku moja inafunga kama mulango wa bureau siku ya sikukuu, siku ingine inafunguka bila kuomba ruhusa. Amemeza dawa za farmasi, zile za kuua mikrobe, rangi zote. Zinatuliza kidogo, halafu inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Nikakumbuka Maman mulifundisha biologie miaka mingi, nikamuambia: ngoja niulize.

Asubuhi anakula mandazi na chai ya sukari mingi. Muchana, biskuti. Jioni, sardine ya boîte na mukate. Anakaa peke yake na hajue kupika. Alikuwa na mutu wa kumupikia. Sasa hana.

Ni miye, mukwe wenu,
Delphin


Nguba, Bukavu, tarehe 30 Januari 2024

Mukwe wangu Delphin,

Barua yako imefika na harufu ya mazutu ya camion, na Guylain ameniletea mwenyewe hadi mlangoni. Magoti yangu yanakusalimu: asubuhi yananung'unika, mchana yanasahau. Ziwa liko mahali pake. Jirani yangu Priscille bado anaimba zaburi kabla ya jogoo, na bado anaimba vibaya.

Mpe pole huyo rafiki yako. Naona anakaa peke yake kama wewe, amepoteza mtu wa kumpikia kama wewe, na ameanza kuugua punde tu baada ya sisi kumzika Lucie. Sitauliza jina lake. Kwetu mukwe hazungumzii tumbo lake mbele ya mama mukwe, kama vile hatafuni mbele yake, na mimi sijafundishwa kuvunja heshima. Tumzungumzie rafiki.

Unajua, miaka yote mliyokuja hapa Jumapili, sijawahi kuona ukitia tonge mdomoni. Wewe nyuma ya pazia la sebule, mimi jikoni. Nilisikia kijiko chako tu kikigonga sahani. Lucie alikuwa anakuja jikoni akiwa ameziba mdomo kwa kanga, anacheka: "Maman, mukwe wako akionja tonge la kwanza, anafumba macho kama mtu anayepokea komunyo!" Nilimkaripia. Mambo ya mukwe hayasimuliwi. Lakini siku zote nilitamani kujua kama ni kweli.

Sasa somo. Mwambie rafiki aketi.

Utumbo mpana si bomba la kupitishia uchafu tu. Ni kijiji. Wakaaji wake ni bakteria wadogo sana, wengi mno, na sehemu kubwa yao ni raia wema. Wanakula mabaki ambayo sisi tumeshindwa kuyasaga, na katika kula kwao wanatengeneza vitu vinavyolisha ukuta wa utumbo na kuwanyima nafasi wavamizi. Dawa za kuua mikrobe, mtu akizimeza bila daktari, hazichagui. Ni kama kuchoma shamba zima kwa sababu umeona panya. Ndiyo maana rafiki anapata nafuu siku chache, kisha mambo yanaharibika: kijiji kimebaki kitupu, na yeyote apitaye anaingia.

Na hao raia wema wanakula nini? Mandazi hayawafikii, unga mweupe na sukari vinamalizwa huko juu. Wao wanangoja nyuzinyuzi, ile sehemu ngumu ya mimea. Nayo iko sokoni Kamituga kama ilivyo hapa: maharage, lengalenga, sombe la majani ya muhogo, viazi vitamu, ndizi za kupika, papai, avoka. Uji wa mtama asubuhi badala ya mandazi. Hakuna hata kimoja kinachotoka Ulaya. Mababu zetu walikula hivyo kila siku bila kujua kwamba wanalisha kijiji. Maharage yalowekwe usiku mzima, na maji yale yamwagwe. Yakipikwa leo na kulala, kesho ni bora zaidi, kwa sababu yakipoa sehemu ya wanga wake inakuwa ngumu kusagwa, na inawafikia wale wa chini. Yapashwe moto vizuri tu kabla ya kuliwa. Maji ya kunywa yachemshwe.

Jambo la mwisho, na ndilo kubwa: aanze polepole. Vijiko viwili vya maharage, siyo sahani. Kijiji kilichoshinda njaa hakipewi karamu siku ya kwanza.

Mama mukwe wako,
Maman Rosalie


Kamituga, tarehe 19 Februari 2024

Maman,

Asante kwa barua, na kwa magoti kuendelea. Huku mvua iko inanyesha kama inalipwa.

Rafiki anashukuru sana. Lakini niwaambie ukweli. Alisoma mpaka fasi ya maharage, akafurahi, akakunja barua, akaenda soko. Akapika chungu nzima, akakula sahani mbili, akalala. Mambo ya vijiko viwili alisoma kesho yake, wakati ilikuwa imechelewa.

Maman, ile usiku sitaieleza. Chumba zetu hapa ni za mbao. Jirani, mutu wa Shabunda mwenye kimo kirefu, aligonga ukuta na kuuliza: "Eh, fundi! Umeingiza mashine ya umeme, groupe électrogène, ndani?" Rafiki aliona haya mpaka leo anapita njia ya nyuma.

Sasa anafuata. Vijiko viwili, halafu vitatu. Uji wa mtama anaukunywa, unabamba mdomo lakini anaukunywa. Siku zingine tumbo inanyamaza kabisa, na yeye anaisikiliza kama mutu anasikiliza kama mvua imekwisha. Siku zingine inarudi.

Ameuliza kitu kimoja. Lucie alikuwa anasema mashanza ya kwenu inatuliza tumbo. Huku hakuna ngombe, ni maziwa ya poudre tu. Ile mashanza iko na nini ndani?

Mukwe wenu,
Delphin


Nguba, tarehe 12 Machi 2024

Mukwe wangu,

Nimecheka peke yangu jikoni hadi Priscille akaja kuuliza kama nina mgeni. Nikamwambia ndiyo. Mpe pole rafiki. Katika kila darasa nililofundisha kulikuwa na mmoja anayejibu swali kabla hajalimaliza kulisoma, na mara nyingi alikuwa ndiye niliyempenda.

Mashanza ni maziwa yaliyoachwa yakaganda, na maji yake yakachujwa. Kinachoyagandisha ni bakteria wa aina njema: wanakula sukari ya maziwa na kutoa uchachu, na uchachu huo unawazuia wale wabaya wasikue. Mtu anayeyala anajipatia wageni wema kwa ajili ya kile kijiji nilichokueleza. Hawakai wote, wengi wanapita tu. Lakini hata mgeni anayepita huacha nyumba na uchangamfu. Ndiyo maana yaliwe mara kwa mara, siyo mara moja kama dawa.

Mimi nanunua maziwa kwa mama mmoja wa Mudaka, nayachemsha, nayaacha yapoe hadi vuguvugu, kisha natia kijiko cha mashanza ya jana. Kila mtungi unazaa mwingine. Mama yangu alifanya hivyo, na Lucie alikuwa anafanya hivyo kwenye nyumba yenu. Nimemtuma Guylain na jerikani ndogo kwa ajili ya rafiki. Nimeifunga vizuri.

Kuna jambo jingine, nalo si la tumbo. Baba yako mdogo, Papa Jean-de-Dieu, alinitembelea kutoka Walungu, kwa heshima, na kofia mkononi. Alikuja kupanga siku ya kumaliza matanga ya Lucie mwezi wa nane. Unajua desturi. Lucie hakuacha mtoto. Siku ile wazee watasema maneno yao, familia zitaachana kwa amani, na wewe utakuwa huru kuoa. Ni haki, wala silalamiki. Nilimpa kiti na kinywaji. Alipoondoka tu nilijiuliza: mtu aliyekuwa mama mukwe anaitwaje? Nimetafuta katika Mashi, Kifaransa na Kiswahili. Mjane ana jina, yatima ana jina. Huyu hana.

Basi, hadi Agosti, mimi ni
mama mukwe wako,
Maman Rosalie


Kamituga, tarehe 14 Aprili 2024

Maman,

Nawasalimia. Barabara ilikatika fasi mbili, ndiyo sababu jibu limechelewa.

Jerikani ilipasuka. Guylain aliiweka nyuma ya kiti, karibu na moteur, kwa joto. Kufika Mwenga wakaingia shimo moja kubwa, wakasikia PUU! Mashanza ilienda kwa shati yake, kwa kioo ya gari, kwa maman mumoja alikuwa anarudi kutoka matanga na nguo nyeupe, na kwa sanamu ya Bikira iko mbele. Kwa barrière askari aliuliza: "Hii ni nini?" Guylain akasema: "Ni mapenzi ya mama mukwe." Amenituma niwaambie hivi: "Miye nabeba ciment, mafuta, mpaka mbuzi. Lakini maziwa yenye hasira, hapana!"

Chini ilibakia kidogo. Rafiki aliikula kwa kijiko, polepole. Alikuwa amesahau ile ladha. Alikaa muda murefu na jerikani kwa magoti.

Kuhusu mambo ya mwezi wa munane, Papa Jean-de-Dieu aliniandikia pia. Munisamehe.

Maman, niko na swali ingine, hii ni yangu mwenyewe. Barua zenu zote mbili, nimezisoma tena jana. Mumeeleza vyakula vya watu wote, mpaka vya bakteria. Hamukusema hata mara moja ninyi munakula nini.

Mukwe wenu,
Delphin

Nyuma ya karatasi: Rafiki anasema juzi aliona damu chooni. Kidogo tu. Anauliza kama aongeze papai.


Nguba, tarehe 20 Aprili 2024

Delphin,

Leo naacha salamu. Guylain anangoja nje na moteur inanguruma, nimemwambia barua hii ikufikie hata kama itabidi akuamshe.

Damu si mambo ya papai. Weka maharage chini, weka mtama chini, na rafiki yako aende hospitali leo, si Jumatatu. Wapime choo, wapime damu. Inaweza kuwa amiba, inaweza kuwa kidonda, inaweza kuwa jambo ambalo mimi na vitabu vyangu hatulijui. Chakula chema humlinda mtu mwenye afya na humsaidia anayepona, lakini hakizimi nyumba inayoungua. Mwalimu anayesahau kusema hivyo ni hatari kuliko mandazi. Asione haya mbele ya daktari. Daktari si mama mukwe.

Kuhusu jerikani: miaka yote nilichora ubaoni jinsi vitu vinavyochachuka vinavyotoa gesi, na niliwapa sifuri wanafunzi waliosahau kuacha nafasi ya hewa. Kisha nikafunga kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikakiongezea mfuko wa plastiki. Nilitaka sana ifike. Mwombe Guylain msamaha, na Bikira pia.

Umeniuliza ninakula nini. Hakuna mtu aliyeniuliza hivyo tangu Agosti. Ninapika, kwa sababu mkono wangu haujajifunza kupunguza: chungu kilekile, vipimo vilevile. Kisha nakula nimesimama kando ya makaa, matonge mawili, na kinachobaki nampelekea Priscille, ambaye anadhani mimi ni mkarimu. Siku nyingine ni chai na mkate mpaka kesho. Ndiyo hivyo. Ninayekufundisha kuhusu mandazi nimekula mandazi leo.

Kuna mshipa mrefu wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi tumboni. Mtu mwenye huzuni, habari zake zinashuka humo, na utumbo unasikia: unalegea, au unaharakisha ovyo. Kwa hiyo siamini kwamba rafiki yako aliumwa kwa ajili ya biskuti peke yake, wala kwamba uji peke yake utamtosha.

Nimefikiri hivi. Akitoka hospitali, kila Jumapili saa saba za mchana, wewe keti mezani huko Kamituga, nami nitaketi hapa, nimeketi kweli, na sahani. Milima yote iliyo katikati iwe pazia. Heshima itakuwa imetunzwa.

Nenda hospitali.

Mama mukwe wako,
Rosalie


Nguba, tarehe 9 Juni 2024

Mukwe wangu Delphin,

Sijui kama unasoma. Namba yako haipiti. Guylain sijamwona tangu alipoondoka na barua yangu; wanasema camion yake imelala njiani huko Mwenga, wengine wanasema amebadilisha njia. Ninampa barua hii shofere mwingine, ambaye hajui nyumba yako, naye ameniambia, "Maman, nitauliza."

Mvua imekwisha. Ziwa limetulia, na asubuhi wavuvi wanarudi wakiimba, na sambaza zimeshuka bei. Lengalenga nililopanda nyuma ya nyumba limekuwa refu kuliko mimi.

Jumapili zote nimeketi. Ninaweka sahani, ninapika maharage yaliyolala, ninaangalia upande wa kusini-magharibi, ambako nadhani ni Kamituga. Inapofika saa saba ninajiambia: sasa anakula. Kisha ninajiambia: hujui. Ninamaliza sahani hivyo hivyo, kwa sababu nilikuahidi.

Kama huwezi kuandika, mwambie rafiki aandike.

Mama mukwe wako,
Rosalie


Walungu, tarehe 6 Julai 2024

Maman,

Nawasalimia sana, sana. Niko muzima. Naanza na hii ili musisome na hofu.

Guylain alifika usiku na barua yenu. Aligonga, sikuweza kusimama. Akaingia, akawasha torche, akaisoma mwenyewe kwa sauti mpaka mwisho, hata fasi ya Bikira. Kisha akasema, "Fundi, mama mukwe wako amekukasirikia kuliko ile jerikani," akanibeba kwa mugongo, akaniweka juu ya camion. Hospitalini walisema amiba, na fasi moja ya utumbo ilikuwa imetoboka. Walinipasua. Daktari alisema siku mbili zaidi, tungekuwa tunaongea lugha ingine. Simu ilipotea kwa ile safari. Halafu Papa Jean-de-Dieu akaja kunichukua, ndiyo sababu niko Walungu.

Maman, yule rafiki ni miye. Ninajua munajua. Lakini nilitaka niseme.

Hospitalini, Jumapili ya kwanza nilifungua macho, niliuliza infirmière aliyekuwa ananitunza saa. Akasema saa saba kasoro. Sikuwa na ruhusa ya kula, nilikuwa na serum kwa mukono tu. Nikamuomba aniinue. Akauliza sababu. Nikasema kuna mutu anangoja niketi. Na Jumapili zingine vilevile. Nilikuwa upande wangu wa milima.

Kuna kitu kigumu. Papa amenitafutia mwanamke. Anaitwa Tatiana, ni mushonaji wa nguo hapa Walungu, mutu mupole. Alikuwa ananiletea supu wakati sikuwa na nguvu. Sikuomba. Lakini sikukataa. Papa anasema matanga yakiisha, ukwe wa Nguba umekwisha pia, na nisikuje tena kuwasumbua. Miye sijue kama ni kusumbua.

Nitakuja kwa matanga.

Delphin
(sijue nitie jina gani hapa)


Nguba, tarehe 25 Agosti 2024

Delphin,

Natumaini umefika Walungu salama na kidonda hakikuuma kwa ajili ya barabara. Nyumba imerudi kuwa kimya. Viti vya kukodi vimerudishwa, turubai limekunjwa, na Priscille amepoteza sauti, kwa furaha ya mtaa mzima.

Matanga ya Lucie yamekwisha kama inavyotakiwa. Nilikuona umekonda. Wazee walipokwenda kula uwanjani, wewe ulipita sebuleni, nyuma ya pazia, mahali pako. Sikumtuma mtu. Nilikupakulia mwenyewe, nikapitisha sahani chini ya pazia, nikaona mkono wako tu ukiipokea. Kisha nikasimama jikoni nikasikiliza kijiko. Kilikwenda polepole kuliko zamani. Nilisema moyoni: huyu ameelewa mambo ya vijiko viwili.

Baadaye Papa Jean-de-Dieu alisimama na kusema maneno yale, na ndugu yangu akayajibu. Waliyasema vizuri. Nilikuwa nimekaa kati ya wanawake, na niliposikia "kuanzia leo hatuna deni, hatuna ukwe," niliangalia viatu vyangu.

Sikiliza sasa, maana nimelifikiria juma zima kwa utaratibu, kama nilivyozoea.

Huyo Tatiana, muoe, wala usimfiche chochote kuhusu Lucie. Mtu aliyekuletea supu bila wewe kumwomba, huyo amekwisha kukuona ulivyo. Nitampa mbegu ya mashanza, kijiko kimoja tu kinatosha, na utamwambia asifunge kifuniko. Mama yake atakaa jikoni kwake, na atasikia kijiko chako nyuma ya pazia lake. Hiyo ni haki yake, mimi sitamwonea wivu. Labda kidogo.

Lakini wazee wameondoa ukwe, na walipouondoa hawakufikiri wameondoa na nini kingine. Aliyekatazwa kutafuna mbele yangu alikuwa mukwe. Sasa sina mukwe. Nimelishusha lile pazia, nimelifua, nimelikunja, liko sandukuni pamoja na kanga za Lucie. Katika nyumba yangu sasa ukiketi mezani mtu anakuona kutoka jikoni, na hakuna mzee yeyote wa kwenu Walungu wala wa kwetu Kabare anayeweza kusema ni aibu. Mtoto hula mbele ya mama yake. Ukikubali.

Jumapili ya mwisho ya Septemba, saa saba, nitaweka sahani mbili. Usinijibu. Njoo, au usije. Kama hukuja nitaketi vilevile, na milima itafanya kazi yake.

Rosalie


Nguba, tarehe 30 Septemba 2024

Mwanangu Delphin,

Naandika ungali njiani, pengine hujafika hata Walungu. Hujambo? Tumbo lilisemaje usiku? Langu limelala kama mtoto.

Nimeosha sahani mbili leo asubuhi. Jana sikutaka kuziosha. Arusi yako iko karibu, kisha utarudi Kamituga kwenye mashine zako, na huyo mtu wa Shabunda atafurahi kusikia ukuta umetulia. Hukusema lini utakuja tena, nami sikuuliza. Miaka ina Jumapili chache zenye barabara nzuri. Nitaketi kila moja. Hilo usilihofie: siku hizi nakula nimekaa.

Nataka tu kuandika jinsi ilivyokuwa, kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kumsimulia.

Uliingia ukasalimu, ukakaa, na kwa mazoea ukageuza kiti kikaangalia ukuta. Bugali ilikuwa mezani, maharage yaliyolala, lengalenga, sambaza, na mashanza katika bakuli la Lucie. Ulikaa hivyo na mgongo wako kwangu, mabega yamepanda, mkono haujagusa kitu. Mimi nami nilikuwa nimeshika mwiko, siwezi kuuweka chini. Watu wazima wawili, na chakula kinapoa.

Nikasema, "Geuka, mwanangu. Ukuta haukupika."

Ukacheka. Ukageuka. Ukakata tonge dogo, ukalichovya, ukaniangalia kama mtu anayeomba ruhusa kuvuka, ukalitia mdomoni.

Ukafumba macho.

Nilitaka kukimbilia jikoni kumwambia Lucie kwamba ni kweli.

Mama yako